Gia ya Ngapi? Morogoro hadi Iringa kwa Pikipiki

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa ina kila kitu kinachomlazimisha mwendesha pikipiki kubadili gia. Kuna foleni ya Kibaha na Mlandizi, malori ya Chalinze, mwendo wa pole ndani ya Hifadhi ya Mikumi, joto la bonde la Ruaha Mbuyuni ambako mibuyu imesimama kushoto na kulia, kisha Kitonga, mlima ambao dereva yeyote wa lori la Zambia anaweza kukuhesabia kona zake akiwa amefumba macho. Ukishaupanda bado kuna Ilula, na mwisho mwinuko wa kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini. Ni takriban kilomita 500.

Mwenye gari akitaka kujua yuko gia ya ngapi anagusa wenzo tu, maana wenzo unabaki pale alipousukuma. Wa pikipiki uko mguuni. Unaubonyeza, unauinua, nao kila mara unarudi palepale ulipokuwa. Ndani ya giaboksi kuna ngoma ya chuma yenye mifereji. Kila ukikanyaga, ngoma inazunguka hatua moja, mifereji inasukuma uma, uma unatelezesha gia mpaka meno yake yashikane na ya jirani yake. Moja iko chini, fri iko katikati ya moja na mbili, nyingine zote zinapanda juu. Hakuna kuruka, na kwa nje hakuna alama yoyote inayobaki. Dashibodi inakupa taa moja ya kijani ya fri. Nyingine zote unazihesabu kichwani, na kichwa cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki tangu alfajiri kina mambo mengine ya kushughulikia.

Naendesha Suzuki V-Strom 650 ya 2008: cc 645, silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, tangi la lita 22, gia sita. Ni pikipiki ninayoiamini kuliko nyingine yoyote niliyowahi kuipanda, na ndiyo maana kukosekana kwa namba ya gia kumeniuma muda mrefu. Suzuki haohao waliweka namba ya gia kwenye dashibodi ya GT750 mwaka 1974. Miaka 30 baadaye, V-Strom 650 ya kwanza, toleo la 2004, ikaja bila hiyo namba, na wenye pikipiki hizi walisubiri mpaka toleo la 2012 ndipo wakaipata. Lakini habari yenyewe imo ndani ya pikipiki yangu tangu siku ilipotoka kiwandani. Mwishoni mwa ile ngoma ya gia kuna sensa inayoiambia kompyuta ya injini ni gia ipi imeingia, ili kompyuta ipange wakati wa kupiga cheche kulingana na gia hiyo. Kompyuta inaijua gia muda wote. Asiyeambiwa ni aliyekalia kiti.

Ukitazama mpangilio wa gia zenyewe utaelewa kwa nini sikio peke yake halitoshi. Kati ya gia ya kwanza na ya pili kuna tofauti kubwa, na hata mgeni wa pikipiki ataisikia. Kati ya tano na sita tofauti ni kama asilimia 11 tu. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, injini inazunguka karibu mara 4,600 kwa dakika ikiwa gia ya sita, na karibu mara 5,200 ikiwa ya tano. Weka helmeti, weka upepo wa uwanda wa Mikese, weka basi linalokupita kwa honi, kisha mwambie mtu achague kati ya sauti hizo mbili. Ndiyo maana utamwona mwenye V-Strom akiinua wenzo kwa mguu akitafuta gia ya saba ambayo haipo.

Morogoro niliingia asubuhi, wingu likiwa bado limeukalia Uluguru. Fundi niliyeelekezwa kwa kazi ya kufunga kionyesha gia ana banda si mbali na Msamvu. Alianza kazi na redio za kaseti, akahamia umeme wa magari, na sasa vijana wa bodaboda wanampelekea chochote chenye waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Dar saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri."

"Basi kaa unywe maji kwanza, na injini nayo ipoe. Siwezi kutia mkono hapo sasa hivi."

Nilimpa kifaa chenyewe: kiboksi cheusi cha upana wa sentimita tatu hivi, usoni kina namba moja inayowaka nyekundu, nyuma kina kitufe na waya tatu. Alikigeuzageuza, akauliza swali ambalo lilinituliza moyo papo hapo: "Hiki kinasoma volti, au kinapiga hesabu?"

Vifaa hivi kweli viko vya namna hizo mbili, na anayenunua bila kujua tofauti atapoteza fedha yake. Vya kupiga hesabu vinachukua mizunguko ya injini na mwendo wa gurudumu, vinagawanya kimoja kwa kingine, na kwa kuwa kila gia ina uwiano wake usiobadilika, jibu linaonyesha gia. Vinafaa kwa pikipiki ambazo hazina sensa ya gia, alimradi pikipiki inatoa ishara ya mwendo na ya mizunguko. Ubaya wake ni kwamba pikipiki ikisimama hakuna cha kugawanya, ukishika klachi hesabu inavurugika, na ukibadili sproketi ya mbele kutoka meno 15 kwenda 16 kifaa kinabidi kifundishwe upya. Vya kusoma volti havihitaji hesabu yoyote. Vinasikiliza waya wa sensa, na kila gia ina volti yake. Pikipiki ikiwa imesimama kwenye taa za barabarani, klachi imeshikwa, namba bado iko palepale na bado ni ya kweli. Changu kilikuwa cha volti.

"Vizuri," alisema fundi. "Sasa hatukati kitu mpaka tumepima."

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya fundi na mtu mwenye bisibisi. Alitoa kiti, akainua tangi, akaufuata mkono wa waya unaotoka upande wa kushoto wa injini, nyuma ya kifuniko cha sproketi, mpaka akaupata ule wa pinki. Akachomeka ncha ya mita nyuma ya soketi bila kuichomoa, ncha nyingine kwenye hasi ya betri, akawasha swichi bila kuwasha injini. Kijana wake aliisukuma pikipiki mbele na nyuma kidogokidogo, kwa sababu gia za pikipiki iliyolala haziingii mpaka meno yakutane, na mimi nikawa nakanyaga. Moja. Mbili. Tatu. Kila gia ikiingia, mzee alisoma namba kwa sauti na kijana akaiandika kwa kalamu ya wino juu ya kipande cha boksi. Volti ilipanda ngazi kwa ngazi kutoka gia ya kwanza hadi ya sita, na fri ikasimama juu kuliko zote, karibu na volti 5 zile ambazo kompyuta inazitoa.

Nilimuuliza kwa nini aziandike wakati kifaa chenyewe kinajifunza.

"Kifaa hakinisumbui," alisema. "Nalinda kompyuta. Huu waya ni wake. Tukiunganisha kitu kinachonyonya umeme mwingi, volti inashuka, kompyuta inadhani uko gia ya tatu kumbe uko ya nne. Injini itawaka, utaondoka, lakini haitakuwa sawa, na hutajua kwa nini."

Kisha kazi ya mikono. Hakukata waya wa pinki. Aliukwangua ganda sehemu ndogo ya kati, akauzungushia waya wa kifaa, akalehemu kwa risasi, akafunika kwa mpira unaojibana ukipata moto, na juu yake akafunga tepu ya kitambaa ili usisugue. Katika nchi yenye vumbi la kiangazi na mvua ya Machi, kiungo kilichosokotwa tu na kufungwa tepu ya plastiki ni ahadi ya matatizo. Gundi inayeyuka kwa joto la injini, tepu inafunguka, maji yanaingia, shaba inakuwa kijani. Mzee anaikataa njia hiyo kabisa, hata mteja akilia kwamba ana haraka.

Umeme wa kuwasha kifaa hakuuchukua moja kwa moja kwenye betri, ambako kingekunywa usiku kucha. Aliuchukua kwenye waya wa taa ya nyuma, unaopata moto pale tu ufunguo unapozungushwa, na akaweka fyuzi ndogo ya ampea moja njiani. Hasi aliipeleka kwenye betri yenyewe badala ya kuibana kwenye boliti ya fremu, kwa maelezo kwamba rangi na kutu haviaminiki. Alipomaliza alirudia vipimo vyote kuanzia fri hadi sita, huku kijana akisoma kile kipande cha boksi. Namba zililingana. Ndipo akabonyeza kitufe cha nyuma, tukakifundisha kifaa gia moja baada ya nyingine, na namba nyekundu zikaanza kuitikia mguu wangu.

Wakati huo vijana wa bodaboda walikuwa wameshasogea. Mmoja, mwenye pikipiki ya cc 150 iliyofungwa kiti cha ngozi nzuri, aliuliza kama yake inaweza kuwekewa.

"Yako ina waya mmoja tu wa fri," fundi alimjibu. "Sensa haina. Utahitaji cha hesabu, na spidomita yako ni ya kebo, haitoi ishara ya umeme. Itabidi tufunge sumaku kwenye gurudumu. Inawezekana, lakini si ya leo."

"Mzee, mimi nabeba abiria wawili na magunia kutoka Matombo. Kushuka kule ndiyo kazi."

Jibu hilo limebaki nami kuliko mengine yote niliyoyasikia siku hiyo. Matombo iko upande wa pili wa Uluguru, na barabara yake inashuka na kupanda milimani. Baadhi ya pikipiki za Kichina za cc 125 na 150 huja na taa za gia tangu kiwandani, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni anasa au ni teknolojia ya pikipiki kubwa. Kwenye ngoma ya gia ya pikipiki ndogo ni suala la vituo vichache vya shaba na waya chache. Naamini waagizaji wa pikipiki za biashara nchini wangeweza kudai jambo hili na kulipata, na anayelihitaji zaidi ni yule kijana wa Matombo, kwa sababu mimi nasafiri nikitaka na yeye anashuka mlima kila siku akiwa na roho za watu nyuma yake.

Tulibandika kifaa chini kidogo ya spidomita, ndani ya kivuli cha kioo cha mbele. Kijana alisafisha plastiki kwa spiriti kwanza, akabandika, akazungushia silikoni pembeni kuzuia maji. Nikalipa, nikaaga, nikaondoka.

Doma nilipita bila kusimama. Mikumi ni nyingine. Barabara kuu inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na pale kila mtu anatakiwa apunguze, kwa sheria na kwa utu, kwa sababu twiga hajui maana ya honi. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, V-Strom inakwenda kwa raha gia ya nne, karibu mizunguko 3,000. Ya tano inaburuta na cheni inapigapiga, ya tatu inakula mafuta bila sababu. Zamani ningekisia. Sasa nilitupa jicho mara moja, nikaona 4, nikarudisha macho kwenye majani. Nyani walikuwa wamekaa ukingoni mwa lami na watoto wao, na mbele zaidi tembo wawili wakila chini ya mti. Mtu anayeendesha mahali kama pale anastahili kutazama nje, na anayehangaika na gia hatazami.

Ruaha Mbuyuni ilikuwa jua kali la saa nane. Vitunguu vyekundu vimepangwa kwenye nyavu pande zote za barabara, na hapo niligundua udhaifu wa kifaa: jua likikipiga usoni, namba inafifia mpaka inabidi uinamishe kichwa. Usiku kinajipunguza mwanga chenyewe na kinapendeza, ila mchana wa bonde la Ruaha kivuli ni lazima. Anayefunga chake akiweke ndani kabisa ya dashibodi, au akitengenezee kikofia.

Kisha Kitonga. Barabara inaanza kujikunja, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Yanayoshuka yanatoka Zambia na Kongo na shaba, yanayopanda yana mafuta na mbolea kutoka bandarini, na yanapokutana kwenye kona hakuna nafasi ya mzaha. Lori likiharibika, utingo anaruka na jiwe mkononi kuliweka nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Harufu ya breki na klachi zilizoungua inakaa hewani hata pasipo na lori mbele yako.

Kulipita lori pale kunataka uamuzi wa haraka na gia sahihi kabla ya uamuzi. Unatazama mbele mpaka mwisho wa kona, unaona pako wazi, unashuka gia, unafungua mafuta, unapita, unarudi upande wako. Kama unadhani uko ya nne kumbe uko ya tatu, ukikanyaga mara mbili utaingia ya kwanza, na gurudumu la nyuma litapiga mlio na kutaka kuteleza kwenye lami iliyomwagikiwa dizeli. Wenye uzoefu wataniambia mwili unazoea, na ni kweli unazoea. Lakini mazoea yanajengwa kwenye barabara unayoijua, ukiwa hujachoka, pikipiki ikiwa haina mzigo. Pale Kitonga nilikuwa na masanduku mawili pembeni, mwili umechoka, na mwinuko unaobadilika kila mita 100. Namba ilisema 3. Nikakanyaga mara moja, ikasema 2, nikapita lori la mafuta nikiwa na nguvu ya kutosha na nafasi ya kubaki. Hata pale gia ilipogoma kuingia sawasawa, kwa sababu mguu ulikuwa mzito, nilijua papo hapo: namba haikubadilika.

Ilula nilisimama kwenye nyanya. Mama mmoja aliyekaa nyuma ya ndoo zake alinisalimu "Kamwene," nami nikamwitikia vivyo hivyo, akanipa kiti kabla hajaniuliza nanunua ngapi. Hewa ya pale ni nyingine, baridi ya nyanda za juu imeshaanza, na mtu aliyetoka Ruaha Mbuyuni anahisi kama amehamia nchi mpya ndani ya mchana mmoja. Ipogolo nilifika jua likizama, nikapanda kuingia mjini kwa gia ya pili.

Faida kubwa zaidi niliiona wakati wa kurudi, nikiishuka Kitonga. Kushuka ndiko kunakoua. Anayeteremka mlima mrefu kwa breki tupu anazichemsha, na breki zilizochemka zinaacha kushika. Dawa ni kuingiza gia nzito mapema na kuiachia injini ikuzuie. Kwa kilomita 40 kwa saa, V-Strom iliyo gia ya pili inazunguka karibu mara 3,900 kwa dakika na inajizuia yenyewe vizuri. Ya tatu, karibu 3,000, inazuia kidogo. Ya nne haizuii kitu cha maana. Tofauti hiyo unatakiwa uijue ukiwa juu, kabla ya kona ya kwanza, wakati bado una nafasi ya kuchagua. Nilishuka na namba 2 mbele yangu karibu mlima mzima, mkono wa kulia ukigusa breki kwenye kona kali tu, na nilipofika chini diski za mbele zilikuwa na joto la kawaida.

Kwa hiyo maoni yangu yako wazi. Kwa pikipiki ya gia tano au sita inayobeba mzigo kwenye barabara za milima, kionyesha gia ni kifaa cha usalama, na kinastahili fedha yake kabla ya taa za ziada na kabla ya spika za muziki. Kama yako ina sensa ya gia, chukua cha kusoma volti. Kama haina, chukua cha hesabu na ukubali mipaka yake. Na usimpe pikipiki yako mtu ambaye ataanza kwa kukata waya: mwombe kwanza akupimie volti ya kila gia na kuiandika, kisha aipime tena akimaliza. Akisema hana mita, mshukuru na utafute fundi mwingine.